Basi Haliondoki Kabla ya "Lakini"

Juma lililopita nilikuwa stendi ya Karatu nikisubiri gari la kwenda Rhotia. Kijana mmoja wa ofisi ya mizigo alikuwa ameshika kipaza sauti anaita majina ya wenye vifurushi. Kuna jina moja aliliita, likakosa mtu. Akaliita tena, safari hii kwa utani: "Kama umekufa sema, tuule huu mchele!" Stendi nzima ikacheka. Mimi nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Mwishowe nikamfuata dirishani nikamwambia, "Mwanangu, punguza sauti." Akanijibu kwa adabu tu, "Bibi, kazi hii ni sauti."

Sina ugomvi naye. Ila nilirudi nyumbani nimekereka, na mwanamke wa umri wangu akikereka, ama aandike ama agombane na kuku. Kuku wangu wamebaki wachache, wanataga, nimewahurumia. Kwa hiyo nawaandikia ninyi vijana mnaoanza kazi hizi za stendi, wakala, konda, na wewe wa kipaza sauti kama utasoma. Mimi niliifanya kazi yenu miaka mingi kabla miguu haijaanza kunisema.

Nilikuwa wakala wa basi kule Endulen. Wenzetu wa mikoa mingine wana reli na stesheni zenye saa ukutani. Sisi huku tulikuwa na basi moja tu, na pale lilipogeuzia ndipo tulipopaita Stesheni. Jina hilo alituletea dereva wetu Jumanne, Mrangi wa Kondoa, ambaye baba yake aliwahi kufanya kazi ya reli Dodoma. Jumanne alikuwa na kiburi cha reli asiyoiendesha yeye. Siku ya kwanza aliponikuta pale na kitabu cha tiketi mkononi akasema, "Ahaa, kumbe tumepata Stesheni Masta!" Jina likanishika. Wanawake wa Kimaasai wakaligeuza Mama Stesheni, na mpaka leo nikienda Endulen hakuna anayenijua kwa jina la ubatizo.

Stesheni yenyewe ilikuwa banda la mabati lenye dirisha moja la mbao, rafu ndani, na benchi refu nje. Basi lilitoka Karatu asubuhi geti la hifadhi pale Lodoare likishafunguliwa, likapanda ukingo wa kreta ndani ya ukungu, likashuka upande wa Malanja, likatufikia mchana limejaa vumbi mpaka kwenye kope za abiria. Lilibeba unga, maharage na vitunguu vya Mang'ola, kwa sababu kule hifadhini kulima hakuruhusiwi na watu wanakula kama watu wengine. Asubuhi yake liligeuza na mbuzi, ngozi, wanafunzi, na vijana waliokwenda kulinda mageti ya watu Arusha na Dar. Watu wa Esere na Kakesio walipima siku yao kwa basi hilo. Ukimwuliza mtu alizaliwa mchana au jioni, atakwambia alizaliwa basi likiwa limeshafika.

Nilifika pale msichana wa Kiiraqw, nimesoma, najiona. Kimaasai nilichojua ni kuitikia salamu, "Iko," na hata hiyo niliitikia kwa lafudhi ya Rhotia mpaka akina mama wanashika mbavu. Aliyenifundisha kazi ni Mzee Lemayani. Kwa cheo alikuwa mlinzi wa banda. Kwa kweli alikuwa mwenye stesheni, mimi nilikuwa nakata tiketi tu. Mzee yule alikuwa na hasira za karibu na mapenzi makubwa ya chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Kila asubuhi aliniuliza kama nimeamka, na nikisema nimeamka ananijibu, "Bado sijaona dalili."

Kuna asubuhi moja, nikiwa bado mgeni, basi linanguruma tayari kuondoka, akatokea mwanamume mmoja wa Kakesio anatembea haraka. Nikamwuliza habari. "Nzuri." Nyumbani wazima? "Wazima." Ng'ombe? "Wazima." Watoto? "Wazima." Nikaona basi, huyu hana shida, amekuja kusalimia. Nikampungia Jumanne mkono, akaondoka. Vumbi lilipotulia yule mwanamume akasema, "Kake..." Kake ni lakini kwa Kimaasai. Akaendelea taratibu kwa Kiswahili chake cha kuchagua maneno: "Lakini baba yangu anasafiri leo, anakwenda Karatu kutazamwa macho. Amekaa nyuma ya duka, anangoja nimalize kukusalimia."

Nikakimbia nyuma ya duka. Mzee wa watu amekaa juu ya gunia, amenyolewa, amepakwa mafuta, amejifunika blanketi jipya la safari. Basi lilikuwa limeshavuka kilima. Ilibidi alale kwa Mzee Lemayani, na inasemekana usiku kucha alikuwa akisimulia juu ya Mmbulu mmoja, ndivyo wanavyotuita sisi Wairaqw, aliyemfukuzia basi. Asubuhi watoto wa mji mzima walikuwa wananiita hivyo.

Mzee Lemayani hakunigombeza mbele ya watu. Alinisubiri nimmiminie chai, ndipo akasema, "Wewe unasikiliza mlango, huingii ndani. Sisi tunataja wazima kwanza. Tukianza na ugonjwa, wale waliopona tutawataja lini? Basi haliondoki kabla ya kake. Ukiona mtu amesema wazima, wazima, wazima, halafu amenyamaza, jua anavuta pumzi."

Hiyo ndiyo ikawa sheria ya stesheni. Jumanne aliipinga kwa mdomo mwezi mzima. Alikuwa anaogopa foleni ya getini na alikuwa na mke wa Karatu asiyependa kuchelewewa. Baadaye nikawa namkuta amezima injini mwenyewe, ametoa kichwa dirishani anauliza, "Masta, huyo ameshasema kake au bado yuko kwenye mbuzi?"

Msidhani kazi ile ilikuwa hekima tupu. Kazi ya stendi ni kamba. Mimi mpaka leo siwezi kuona mzigo umefungwa ovyo nikapita. Kamba ya manila usiikaze mzigo ukiwa juu ya keria. Ikaze ukiwa chini, goti lako likiwa juu ya mzigo, kisha uipe fundo la pili upande wa nyuma ambao upepo hauupati. Samli usiiweke karibu na unga, hata kama mwenyewe anakuapia kwamba kopo limefungwa. Kuku mpe nafasi ya kutoa kichwa, la sivyo utapokea mzigo ukiwa mzima na utakabidhi mboga. Na mayai mpe mwanamke mwenye mtoto mgongoni ayapakate, kwa sababu huyo ameshazoea kukaa bila kujigonga.

Kuna kupanga watu pia. Ninyi mnasema siti ni namba. Kule kwetu siti ni ukoo. Nilimkalisha siku moja kijana mmoja mwenye heshima zake kando ya mama mmoja mnene, nikajipongeza kwa kupata nafasi. Kijana akatoka kupitia dirishani. Kweli, dirishani, na shuka lake likabaki kwenye kitasa. Kumbe yule ni mama mkwe wake, na kubanana na mama mkwe kiti kimoja ni aibu asiyoweza kuibeba mpaka Karatu. Tangu hapo nilikuwa nauliza kwanza, "Hapa ndani umeoa kwa nani?" Abiria wa mjini walidhani nina wazimu.

Na yupo mzee aliyetoka Piyaya, ametembea na mbuzi wake mmoja, akataka mbuzi yule apande kwa nauli ya mtoto. Nikamwambia mbuzi ni mzigo, anakwenda kwenye keria. Akasema mtoto analia na kujisaidia ndani ya basi, mbuzi wake hafanyi hata kimoja kati ya hivyo, sasa nani anastahili kiti? Jumanne alimpa haki mzee. Mbuzi akasafiri amesimama katikati, na ni kweli hakufanya kitu mpaka Lodoare.

Sasa niwaambie kilichonifanya nisimame siku ile pale Karatu.

Palikuwa na mama mmoja wa upande wa Esere. Jina lake silitaji, na mtaona kwa nini. Alipenda shuka la bluu wakati wenzake wote wanavaa jekundu na zambarau, kwa hiyo nitamwita hivyo, mama wa shuka la bluu. Alikuwa mjane. Mwanawe wa mwisho, Saning'o, alikuwa mlinzi wa ghala Dar es Salaam, na kila baada ya muda alimtumia kifurushi kwa basi: sukari, majani ya chai, pengine tochi au shanga. Saning'o alikuwa na ufungaji wake. Alizungushia mfuko kamba ya kijani, msalaba, kisha akaisuka ncha kama mkia wa ndama. Nilimpenda kijana yule kabla sijamwona, kwa sababu ya kamba tu.

Mama wa shuka la bluu alikuja stesheni hata siku zisizo na kifurushi. Alikaa ncha ya benchi, akamtania Mzee Lemayani, akanisahihisha Kimaasai changu. Alikuwa ananiambia ulimi wangu umevaa viatu. Kifurushi kikija alikifungua pale pale, sukari ikaingia kwenye sufuria yangu ya chai, wanawake wote wakanywa. Nikimwambia, "Yeyo, peleka nyumbani," maana yeyo ndiyo mama kwao, ananijibu kwamba nyumbani hakuna wa kumsimulia kwamba mwanawe ametuma. Nilifurahi sana akiwepo. Siku ambayo hakuja, benchi lilikuwa refu.

Ukafika mwaka nikaenda likizo Rhotia kuwasaidia ndugu zangu kuvuna maharage. Nilirudi kwa basi letu lile lile. Tulipofika, konda wetu Bura, kijana wa Karatu mwenye mapafu ya ng'ombe dume, akapanda keria na kuanza kuita majina ya vifurushi kama desturi ya siku zote. Akaita huyu, akaita yule, wanakuja wanapokea wanacheka. Kisha akainua kifurushi chenye kamba ya kijani akaita jina la mama wa shuka la bluu.

Kicheko kikakatika. Mwanamke mmoja akavuta shuka lake akafunika mdomo. Bura akadhani hawajasikia, akaita tena kwa nguvu zaidi. Mzee mmoja aliokota fimbo yake akaondoka bila kupokea mzigo wake. Ndipo Mzee Lemayani akainuka kwenye benchi.

"Shuka," akamwambia Bura.

"Bado kuna mizigo, mzee."

"Shuka, mwanangu."

Mzee Lemayani hakuwahi kumwita Bura mwanangu. Alikuwa akimwita redio. Bura akashuka, na mimi nikajua kabla sijaambiwa. Mzee akanivuta nyuma ya banda, akasema kwa sauti ndogo, "Yule mama hayupo. Homa ya mapafu, wewe ukiwa kwenu. Na lile jina nalo halipo tena."

Kwetu Rhotia mtu akifariki jina lake linatajwa. Linatangazwa kanisani, linaandikwa msalabani, linaombewa misa. Kwa Wamaasai jina linaondoka na mwenyewe. Hata mtoto aliyekuwa na jina lile wanaweza kumbadilishia ili lisisikike nyumbani. Na sisi, kwa kazi yetu ya mchana kweupe, tulikuwa tumelipigia kelele juu ya paa la basi, mara mbili, wadogo zake wakisikia. Bura alikaa nyuma ya tairi akalia. Hakuwa mjinga wala hakuwa na dharau. Alikuwa anafanya kazi, na kazi ni sauti.

Siku ile ile tuliacha kuita majina. Mzee Lemayani akasema kila boma lina alama yake ya kumchoma ng'ombe, kwa nini mzigo usiwe na alama? Nikanunua kalamu ya wino mzito Karatu. Mzigo ukifika nauliza kimya kimya ni wa boma gani, nachora alama, nauweka kwenye benchi. Mwenyewe anapita, anaona duara na mstari wake, anachukua. Hata asiyejua kusoma hakuhitaji mtu. Mimi nisiyemiliki hata ndama nikawa najua alama za ng'ombe za Esere yote, na Jumanne akawa anawaonya wazee kwamba Masta siku moja atahama na mifugo yao.

Lakini kifurushi cha kamba ya kijani kilibaki. Nikakiweka kwenye rafu, upande wenye jina nikaugeuzia ukutani. Nikampelekea habari kaka mkubwa wa Saning'o, akaja, mtu mzito wa maneno. Nikamwuliza nifanye nini, na je, mdogo wake anajua?

"Hajui," akasema.

"Kuna simu siku hizi. Nina namba yake, ananipigia."

"Habari hii haisafiri kwa simu. Ukimwambia yuko huko, amesimama getini kwa mtu peke yake, nani atamshika? Atakuja. Akija nitumie mtu, nitampokea mimi."

"Na kifurushi?"

"Mwenyewe atakuja akichukue."

Niliona ni sawa, na bado naona ni sawa. Ila aliyekuwa anapokea simu ni mimi. Wakati ule mtandao ulipatikana sehemu moja tu, juu kidogo karibu na hospitali, na mimi nilipanda pale kila jioni kuzungumza na ofisi. Saning'o akijua saa yangu ananipigia. "Kifurushi kimefika?" Kimefika. "Salama?" Salama. "Yeyo nisalimie sana." Nami nasema, "Salamu zako nimezipokea." Sikumdanganya hata neno moja. Akitaka kuendelea nasema mtandao unakatika, na nautembeza mwili wangu mpaka ukatike kweli. Kisha kikaja kifurushi kingine. Na kingine. Rafu ikawa na kamba za kijani zimepangana, nyuso zao ukutani.

Nilimwambia Mzee Lemayani naogopa. Nilikuwa naogopa jambo moja: kwamba Saning'o atashuka siku moja bila taarifa, katikati ya watu, na swali lake la kwanza litakuwa lile lile la kwenye simu, yeyo mzima? Nitajibu nini? Nikisema mzima nimekufuru. Nikisema hapana nimemwangusha mtoto wa watu stendi kama gunia. Mzee akanywa chai yake, akasema, "Anza na wazima. Wapo wengi. Wataje mmoja mmoja polepole, mpaka kaka yake afike."

Akaja siku ambayo Mzee mwenyewe alikuwa mnadani na ng'ombe wake. Basi liliposimama nikaona kijana mrefu, shuka jipya, saa mkononi, begi la mgongoni. Sikumjua sura. Nilimjua kwa begi, lilikuwa limefungwa zipu iliyoharibika kwa kamba ya kijani. Nikamnong'oneza Bura akimbie Esere amwite kaka mtu. Aliacha mizigo juu ya keria akatoka mbio, na mimi nikabaki dirishani.

Akaja anatabasamu. "Takwenya, Mama Stesheni!"

"Iko."

"Mimi ndiye Saning'o. Nimepewa ruhusa ghafla, sikutaka kupiga simu. Nilitaka niwashtue."

"Umefanya vizuri, baba. Karibu nyumbani."

"Habari za hapa?"

"Nzuri."

"Mvua?"

"Zimenyesha kidogo. Majani yapo."

"Ng'ombe wazima?"

"Wazima."

Akavuta pumzi ya swali linalofuata, na nililiona likija. Lakini macho yake yalikuwa yamepita begani kwangu. Banda lile lilikuwa dogo, na mimi sikuwahi kuwa mnene wa kuziba dirisha. Aliiona rafu. Aliona kamba zake mwenyewe, zile ncha alizozisuka, zimekaa pamoja hazijafunguliwa hata moja. Aliziangalia kwa muda. Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki usoni kama mtu aliyesahau kuvua kofia.

Kisha akaendelea kunisalimia.

"Mzee Lemayani mzima?"

"Mzima. Yuko mnadani."

"Na dereva Jumanne?"

"Mzima, yule pale."

"Watoto wa hapa? Mbuzi? Na watu wa kwenu Rhotia, wazima?"

"Wazima wote."

Akauliza kila kiumbe. Akauliza mpaka punda wa mwenye duka. Swali moja tu aliliruka, akalipita pembeni taratibu, na nikaelewa kwamba analiruka kwa ajili yangu, ili nisilazimike kulijibu. Kijana amesafiri kutoka Dar, moyo umempasuka hapo hapo dirishani kwangu, na bado ananionea huruma mimi. Vijana, mimi nimefundishwa na wengi. Adabu ya namna ile sijaiona tena.

Mwishowe akanyamaza. Nikamngoja.

"Kake, yeyo," akasema. "Lakini nimechoka na safari. Naomba nikae kidogo."

Nikafunga dirisha. Abiria wa kesho walikuwa bado wanapanga foleni ya tiketi, na Jumanne, ambaye sijawahi kumwambia lolote, akawaondoa kwa mikono bila kelele. Nikatoka nikakaa na Saning'o kwenye benchi. Nilimsimulia niliyoyajua: homa, na kwamba mimi sikuwepo, na kwamba hakuteseka siku nyingi. Sikutaja jina. Alisikiliza akitazama mikono yake. Hakulia.

Halafu akasema, "Kila mwezi nilikuwa nasema mwezi ujao nitakwenda. Kisha nakwenda dukani nanunua sukari. Nilijiambia yeyo hana haja na mimi, ana haja na sukari. Nambie ukweli, Mama Stesheni. Alikuwa anakuja hapa kufuata vile vifurushi?"

Ningeweza kumwambia kitu kitamu. Kilikuwa karibu, mdomoni kabisa. Lakini alikuwa ameomba ukweli, na mimi nilikaa na mama yule miaka.

"Hapana," nikamwambia. "Sukari tulikunywa sisi. Basi likisimama, wanawake wote wanatazama juu, kwenye keria, waone kama kuna mzigo wao. Mama yako hakuwahi kutazama juu. Alikuwa anatazama mlango, mpaka abiria wa mwisho ashuke."

Hapo ndipo alipolia, na nikamshika mimi, mpaka kaka yake alipofika.